Shavu la mguu kubwa na shavu la mguu gumu: lipi lina nguvu kweli? Mnaoujua mwili tiririkeni

#1 Msafiri wa Kimara
Wakuu salama. Nina hoja imenikaa muda mrefu, na kila kijiwe nikiileta inaishia kwenye kelele. Watu wengi wanaamini shavu la mguu ukilibonyeza likawa gumu basi huyo mtu ana nguvu na pumzi, likiwa kubwa ila linabonyea wanasema hayo mafuta tu. Mimi nasema ukubwa na ugumu ni vitu viwili na havitegemeani kihivyo. Nimecheza mpira wa mtaani na watu wa kila aina, kulikuwa na beki wetu mmoja mguu wa bia haswa, akiwa amelala ukimbonyeza kidole kinazama, na huyo huyo ndo alikuwa anaruka vichwa kuliko timu nzima. Kuna winga mwingine mguu mwembamba mgumu balaa na kipindi cha kwanza hakiishi yuko chini kabanwa misuli anavutwa vidole. Sasa swali, ugumu unatokana na nini hasa? Na shavu likiongezeka ukubwa lazima liwe gumu? Porojo ruksa ila kwa kiasi.

#2 Chuma Kizito
Mkuu hili liko wazi. Msuli uliojengwa kwa chuma unakuwa mkubwa NA mgumu, vinaenda pamoja. Ukiona mkubwa ila laini hayo ni maji na mafuta, huyo beki wako alikuwa anaruka kwa sababu ya mapaja na matako sio shavu la mguu. Njoo jim yetu nikuonyeshe watu wanaonyanyuka kwa vidole na kilo mia mabegani, ukigusa miguu yao utaumia mkono.

#3 Mbishi Daima
@Chuma Kizito ukigusa wakiwa wamesimama au wamelala? Maana mtu akisimama hata mimi nisiyejua jim iko upande gani shavu langu linakaza. Hujajibu swali.

#4 Chuma Kizito
Wamesimama. Sasa unataka nikawaguse miguu wakiwa wamelala ili iweje?

#5 Binti Korogwe
😂😂 #4 ulinzi mkali. Nimekaa pembeni nasubiri wataalamu, mie nina mguu wa bia wa kurithi kwa bibi na jim sijawahi kukanyaga.

#6 fundi_viungo
Habari zenu. Kazi yangu ni fiziotherapi kwa hiyo miguu naishika kila siku, nichangie kidogo.

Kwanza lile shavu sio msuli mmoja. Juu kuna gastroknemiasi, ndo ile yenye vichwa viwili inayojichora mtu akisimama kwa vidole, yenyewe inaanzia juu ya goti kwenye mfupa wa paja. Chini yake kuna soliasi, msuli mpana umelala bapa, unaanzia chini ya goti. Yote miwili inaungana kwenye kano moja nene ya kisigino. Soliasi kwa sehemu kubwa ni nyuzi za pole pole, zile zisizochoka haraka, ndo inayokushikilia usianguke mbele ukiwa umesimama tu hapo kituoni unasubiri daladala. Gastroknemiasi imechanganyika zaidi, ina nyuzi za kasi za kuruka na kuchomoka.

Pili, anachosema Mbishi ndo chenyewe. Ugumu unaousikia kwa kidole unabadilika sekunde hii na hii kutegemea mkao. Lala kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, bonyeza shavu. Halafu vuta vidole vya mguu kuelekea kwenye ugoko, bonyeza tena pale pale. Msuli ni ule ule, ukubwa ule ule, lakini umevutika na umekuwa mgumu, na hujaukaza kabisa. Ukikunja goti gastroknemiasi inalegea tena kwa sababu inavuka goti. Kwa hiyo mtu akikuambia fulani ana shavu gumu muulize kwanza kifundo kilikuwa kimekaaje. Bila hilo mnalinganisha vitu visivyolingana.

#7 Msafiri wa Kimara
@fundi_viungo asante sana mkuu, nimefanya hapa kitandani sasa hivi, tofauti ni kubwa kweli. Sasa tukiwalaza watu wote mkao mmoja, mwenye shavu kubwa na mwenye shavu dogo, nani atakuwa mgumu?

#8 fundi_viungo
Hapo ndo hakuna jibu moja. Siku hizi kuna altrasaundi inayotuma mtikisiko ndani ya msuli na kupima unasafiri kwa kasi gani, ukienda haraka maana yake tishu ni ngumu. Ni wazo lile lile la kipimo cha ini kuangalia limekakamaa kiasi gani. Unaweza kukuta watu wawili wana shavu unene sawa na ugumu haufanani, na kinyume chake. Ukubwa peke yake haukupi jibu.

#9 Mzee Kigogo
Vijana mnazunguka sana. Sisi zamani tulikuwa tunajua, mtu wa milimani ana shavu gumu, mtu wa tambarare ana shavu laini, basi. Nendeni Lushoto mkaangalie wanawake wanavyopanda na mizigo ya mboga kichwani, miguu yao huwezi kuibonyeza.

#10 Binti Korogwe
Shikamoo mzee. Mama yangu ni wa huko huko Lushoto, Soni kabisa, amepanda hiyo milima na mizigo toka utoto na mguu wake ni mwembamba. Mama mdogo wao tumbo moja, njia moja, mzigo mmoja, ana mguu wa bia kuliko wangu. Sasa mlima mbona umechagua?

#11 Mzee Kigogo
Marahaba mwanangu. Nimesema gumu, sijasema kubwa. Huo mwembamba wa mama yako umewahi kuubonyeza?

#12 Binti Korogwe
Mgumu kweli 🙈 huwa namkanda mafuta ya nazi akitoka shamba. Wa mama mdogo nao mgumu ila sio hivyo.

#13 Msafiri wa Kimara
Mzee kapata pointi hapo, na ndo hoja yangu ya #1 hiyo hiyo. Mlima mmoja, ugumu upo kwa wote, ukubwa umegoma kufuata.

#14 Jirani wa Iten
Majirani hamjambo. Mimi niko huku Elgeyo Marakwet na hii mambo tunaiona kila asubuhi. Iten iko karibu mita 2,400 juu, saa kumi na mbili barabara ya murram imejaa wakimbiaji, na ukiangalia kuanzia goti kwenda chini ni wembamba sana. Shavu liko juu kabisa karibu na goti, halafu hapo chini ni kano ndefu mpaka kisigino. Hao si watu wa kubeba misuli kubwa hapo chini. Profesa mmoja wa Sweden, Bengt Saltin, alianza kulinganisha wakimbiaji wa Kenya na wa Skandinavia miaka ya tisini, na moja ya vitu vilivyotajwa sana ni huo wepesi wa mguu wa chini. Uzito ukiwa mbali na nyonga unautupa mbele kila hatua. Wanasema hata kiatu kikiongezeka gramu 100 tu kila mguu, kukimbia kunakula oksijeni zaidi kama asilimia moja. Sasa fikiria shavu kubwa la kilo ngapi, kilomita 42. Kipchoge alivunja rekodi ya dunia Vienna 1:59:40 na mguu mwembamba kabisa.

#15 Kalamu Nyekundu
@Jirani wa Iten umeeleza vizuri ila sahihisho, ile ya Vienna Oktoba 2019 haikuhesabiwa rekodi ya dunia. Walimwekea watu wa kumkinga upepo wanaopokezana na gari mbele, haikuwa mashindano ya wazi. Iliyoandikwa rasmi ni kama ile 2:00:35 ya marehemu Kelvin Kiptum, Chicago 2023.

#16 Jirani wa Iten
Sawa mwalimu, nimekubali rekodi. Lakini mguu ulibaki mwembamba ama?

#17 Kalamu Nyekundu
Mwembamba, hapo sina kesi 😀

#18 Dereva Guta
Mbona na sie tunao. Alphonce Simbu wa Singida, bingwa wa dunia marathoni Tokyo 2025, amemaliza 2:09:48 muda mmoja na Mjerumani Petros wakatenganishwa na sehemu tatu za mia ya sekunde, mguu wake umeuona? Mwembamba. Na Filbert Bayi kule Christchurch 1974 alipovunja rekodi ya mita 1500, mguu wa mtu wa Karatu ule, hakuna bia pale.

#19 Chuma Kizito
Mnachanganya mada. Mkimbiaji wa marathoni hahitaji msuli mkubwa, anahitaji pumzi. Leteni mtu wa mita mia au mtu wa baiskeli za uwanjani mtaona mashavu. Na bado ni magumu. Na tusisahau Arnold Schwarzenegger, mwenyewe amesimulia mashavu ya miguu yalikuwa madogo mpaka akakata miguu ya suruali ya mazoezi ili kila mtu jim ayaone udhaifu wake, akaona aibu, akayapiga mpaka yakakua. Kwa hiyo yanajengwa, sio kurithi tu.

#20 Mbishi Daima
Arnold huyo huyo alikiri ametumia dawa za kukuza misuli. Tafuta mfano mwingine.

#21 Chuma Kizito
Dawa alitumia mwili mzima, kwanini shavu ndo lilibaki nyuma kama sio kwamba lilikuwa halifanyishwi kazi inavyotakiwa?

#22 fundi_viungo
Hoja ya #21 nzuri ila inaweza kusomwa kinyume pia, kwamba shavu ni vigumu kulikuza ndo maana lilichelewa. Jambo moja lina ushahidi mzuri: ukifanya kunyanyuka kwa vidole umesimama, gastroknemiasi inakua vizuri. Ukifanya umekaa na goti limekunjwa inakua kidogo sana, kwa sababu imelegea, kazi yote inabebwa na soliasi. Watu wengi jim wanakaa kwenye ile mashine ya kukaa miaka halafu wanalalamika mguu haujichori.

Na kuhusu kurithi, mahali msuli unapoishia na kano kuanzia hapo huwezi kupabadilisha kwa zoezi lolote. Mwenye kano ndefu shavu lake litakaa juu, fupi, kama alivyosema jirani wa Iten. Mwenye kano fupi shavu linashuka mpaka karibu na kifundo, mguu unaonekana umejaa hata kabla ya mazoezi.

#23 Mpagazi wa Marangu
Wakuu mimi napandisha wageni Kilimanjaro. Tunabeba mzigo wa kampuni, sheria haizidi kilo 20, na mlima tunaujua kwa miguu. Nikuambieni kitu, kupanda hakuumizi shavu sana kama watu wanavyodhani, kushuka ndo kazi. Ukitoka kileleni mita 5,895 unashuka kambi ya Barafu halafu ya Mweka, siku ya pili yake mashavu yanavimba kabisa na ni magumu hata ukilala. Yanaongezeka ukubwa na ugumu kwa pamoja. Ila nguvu hakuna, ngazi za nyumbani zinakushinda. Ni ile asidi inajaa kwenye misuli.

#24 fundi_viungo
@Mpagazi wa Marangu mfano wako ni mzuri mno, ila asidi sio. Hiyo laktiki inaondoka kwenye msuli ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika, haiwezi kuwa ndo inakuumiza kesho kutwa. Kinachotokea ni kwamba ukishuka, msuli unafanya kazi huku unavutika, nyuzi zinachanika vichaniko vidogo sana, mwili unapeleka maji na chembe za kutengeneza, msuli unavimba na unakuwa mgumu. Maumivu yanafika kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Ila mapaja ndo yanaumia zaidi kwenye kushuka, shavu linafuata.

#25 Mpagazi wa Marangu
Mapaja kweli yanatangulia. Asante mkuu, toka naanza hii kazi tunaimbiwa asidi.

#26 Msafiri wa Kimara
Mnaona sasa. Hapo #23 tumepata shavu lililoongezeka ukubwa na ugumu kwa wakati mmoja na limepungua nguvu. Hii imani ya kwamba gumu ni nguvu ife kabisa.

#27 Mbishi Daima
Isife haraka. Hilo ni jeraha, sio hali ya kawaida. Mtu mzima wa afya bado hujaonyesha.

#28 Kalamu Nyekundu
Mimi naegemea upande mwingine ambao hamjaugusa. Misuli ya mguu wa chini imefungwa kwenye vyumba vinne, kila chumba kina utando mgumu usiotanuka sana. Msuli ukikua au ukijaa damu na maji ndani ya chumba kile kile, presha inapanda. Ni tairi la baiskeli hilo, upana wa nje haubadiliki sana lakini upepo ukiongezeka kidole hakiingii. Kwa hiyo mwenye shavu dogo na utando uliobana anaweza kuwa mgumu kuliko mwenye shavu kubwa na utando wenye nafasi. Huyo winga wa #1 anayeanguka kipindi cha kwanza huenda ndo shida yake, wapo wanaokimbia dakika chache shavu linajaa linauma, wakipumzika linaisha.

#29 fundi_viungo
Hiyo hali ipo kweli, inapatikana kwa wanajeshi na wakimbiaji. Ila nasisitiza, kuna ya aina hiyo inayokuja na kuondoka, na kuna ya hatari. Mtu amevunjika mguu, au ameangukiwa na kitu kizito, au amefungwa plasta imebana, mguu unakuwa mgumu na unauma kupita kiasi, ukimvuta vidole anapiga kelele, ganzi inaanza. Hiyo hakuna kukanda wala kusubiri asubuhi, ni saa chache tu msuli unakufa. Hospitali muda huo huo wakapasue huo utando.

#30 nesi_wa_zamu
Naomba nipite hapo hapo kwa fundi. Kuna uvimbe mwingine wa shavu ambao watu wanauchukulia poa. Mguu MMOJA tu unavimba, unauma, una joto, pengine umebadilika rangi, hasa kama mtu ametoka safari ndefu ya basi au ndege, amejifungua karibuni, amefanyiwa operesheni au amelala kitandani muda mrefu. Hiyo inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. Tafadhali msiukande! Kipande kikichomoka kinaenda kwenye mapafu na mtu anaweza kufa. Nimeona ndugu wanaleta mgonjwa tayari ameshasuguliwa na mafuta ya moto.

#31 Binti Korogwe
Eeh Mungu wangu. Mie na mafuta yangu ya nazi kila jioni.

#32 nesi_wa_zamu
@Binti Korogwe mama yako miguu yote miwili, ametoka shamba, hana uvimbe, endelea kumkanda dada. Naongelea mmoja unaovimba.

#33 mama Twaha
Habari za jioni. Naomba kuuliza maana mada imenigusa. Mtoto wa mdogo wangu ana miaka mitano, wa kiume, mashavu ya miguu yamejaa yamekuwa makubwa na magumu kuliko ya watoto wenzake, sie tulikuwa tunafurahi tunasema huyu atakuwa mchezaji. Ila mtoto mwenyewe anaanguka anguka, kupanda ngazi anavuta nguzo, wenzake wakikimbia anabaki. Inawezekana misuli imekua kuliko mwili?

#34 nesi_wa_zamu
Mama Twaha nakujibu kwa uzito kabisa. Mwangalie akiwa amekaa sakafuni ananyanyuka vipi. Akiwa anageuka anapiga magoti, halafu anaweka mikono kwenye mapaja yake mwenyewe anajipandia mpaka anasimama, mpelekeni hospitali kubwa kwa daktari wa watoto wiki hii, msingoje. Kuna ugonjwa wa misuli unaitwa Duchenne. Unawapata zaidi watoto wa kiume, takriban mmoja kwa kila 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Mashavu ya miguu yanakuwa makubwa na magumu ila ndani msuli unapungua, nafasi yake inachukuliwa na mafuta na tishu ya makovu. Kipimo cha kwanza ni cha damu, wanaangalia kimeng'enya cha misuli kimepanda kiasi gani. Inaweza isiwe hiyo, watoto wanaanguka kwa sababu nyingi, ila kwa ulivyoeleza sio ya kukaa nayo nyumbani. Kuna dawa zinazopunguza kasi na mazoezi maalumu, kuwahi kunasaidia.

#35 mama Twaha
Anajipandia kwenye mapaja. Ndo anavyofanya kabisa, tulidhani ni uvivu. Nampigia mdogo wangu sasa hivi. Asante sana nesi.

#36 fundi_viungo
Mama Twaha nakazia alichosema nesi. Na wakati mnasubiri daktari, msimlazimishe kupanda ngazi wala kuruka ruka eti apate mazoezi. Kwenye misuli ya namna hiyo kazi nzito inaharibu zaidi.

#37 Mzee Kigogo
Mungu amsaidie huyo mtoto. Hii post ya 34 inatosha kuufanya uzi mzima uwe na maana.

#38 Chuma Kizito
Kweli kabisa. Mama Twaha ukipata majibu tupe taarifa.

Kwa hiyo nakubali kuna kubwa na gumu la ugonjwa. Lakini kwa mtu mzima asiyeumwa mbona hamjanipa sababu ya kuacha msimamo wangu wa #2?

#39 Mbishi Daima
Sababu ni mafuta ya juu. Kidole chako hakigusi msuli, kinagusa ngozi, kisha mafuta, ndo msuli. Mwenye safu nene ya mafuta utasema laini hata kama chini yake kuna soliasi ya kubeba nyumba. Ndo maana wanaume mnajiona wagumu kuliko wanawake, wanawake wengi wana safu nene zaidi hapo.

#40 Kalamu Nyekundu
Hiyo ina mantiki, na kifaa chochote cha kubonyeza kwa nje kinapata shida hiyo hiyo. Ila hiyo haielezi beki wa #1, mguu wa bia unaotokana na mafuta tu haurukishi mtu.

#41 Mbishi Daima
Hajaruka kwa mafuta, karuka kwa msuli ulio chini ya mafuta. Vyote viwili vipo.

#42 Binti Korogwe
Na viatu virefu je? Ofisini wanasema ukivaa skuna kila siku mguu unajaa na kukaza. Wengine wanavaa makusudi wapate mguu.

#43 fundi_viungo
Hiyo imepimwa. Mwaka 2010 watafiti walilinganisha wanawake waliozoea viatu virefu miaka mingi na wasiovaa. Ukubwa wa misuli haukuwa na tofauti ya maana. Kilichobadilika ni kwamba nyuzi za msuli zilikuwa fupi zaidi na kano ya kisigino nene na ngumu zaidi, ndo maana wakivua viatu wakatembea flati wanasikia kuvutwa nyuma. Yani mkazo umeongezeka, ukubwa umebaki pale pale. @Msafiri wa Kimara hii ndo karibu zaidi na swali lako.

#44 Msafiri wa Kimara
Hii naibandika ukutani. Lakini mbona ukimwona aliyevaa skuna mguu unaonekana umejaa?

#45 fundi_viungo
Kisigino kimeinuka, msuli umejikunja kuja juu, unatuna. Akivua unarudi. Jaribu wewe mwenyewe mbele ya kioo kwa kusimama vidole.

#46 nesi_wa_zamu
Kuhusu ukubwa, nitetee kidogo shavu kubwa. Kwa wazee tunalipima kwa futi kamba kuangalia lishe, likishuka chini ya sentimita 31 ni dalili mbaya, mwili umeanza kula misuli. Huko Asia wanatumia 34 kwa wanaume na 33 kwa wanawake kuangalia upungufu wa misuli. Ugumu hatupimi kabisa. Tena mzee anaweza kuwa na shavu limepungua na likawa gumu, kwa sababu nyuzi zimepungua na tishu ya kuunganisha imeongezeka. Na msuli huo ndo unasukuma damu irudi juu kwenye moyo kila unapopiga hatua, ukipungua miguu inavimba jioni.

#47 Mzee Kigogo
Nimetafuta futi kamba ya mke wangu. 33 na nusu. Bado nipo nipo.

#48 Jirani wa Iten
Mzee hiyo 31 umevuka, ila ya Asia ungefeli pamoja na wakimbiaji wengi wa huku 😂

#49 Dereva Guta
Na mimi nimepima. Nasukuma guta Kariakoo kwenda Buguruni, mzigo wa vinywaji na saruji. Kulia sentimita 39, kushoto 37. Nimefanya ile ya #6, nimelala miguu nje ya kitanda. Ajabu ni kwamba kushoto ndo kudogo ila ndo kugumu zaidi, hata kikiwa kimelegea. Kulia kukubwa kunabonyea. Mwili mmoja, guta moja, chakula kimoja. Wataalamu mnasemaje?

#50 Chuma Kizito
Huo wa kulia unabeba kazi zaidi ndo umekua. Wa kushoto unategea.

#51 Mbishi Daima
Kama unategea kwanini ni mgumu? Kwa mujibu wa #2 wa kulia ndo ungetakiwa uwe mgumu. Dereva Guta amekumaliza kwa mguu mmoja.

#52 fundi_viungo
@Dereva Guta mguu wa kushoto umewahi kuteguka kifundo au kuvunjika?

#53 Dereva Guta
Kuteguka ndio, zamani kidogo, niliteleza na mzigo kwenye mtaro. Sikwenda hospitali, nilifunga kitambaa nikaendelea.

#54 fundi_viungo
Fanya hivi. Peku, simama mbele ya ukuta, goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Rudisha mguu nyuma kidogo kidogo mpaka sehemu ya mwisho ambayo goti bado linagusa na kisigino kiko chini. Pima toka kidole gumba mpaka ukutani. Kila mguu.

#55 Dereva Guta
Kulia 11. Kushoto 6, zaidi ya hapo kisigino kinanyanyuka.

#56 Kalamu Nyekundu
Kano imekaza hapo. Ndo zile nyuzi fupi za #43.

#57 fundi_viungo
Inaweza. Inaweza pia kuwa kifundo chenyewe. Ukifika kwenye 6 unasikia kuvutwa nyuma kwenye shavu au kubanwa mbele ya kifundo?

#58 Dereva Guta
Mbele. Kama kuna kitu kinagonga.

#59 fundi_viungo
Basi hapo kinachozuia ni kifundo, toka ulivyoteguka hakijafunguka vizuri. Shavu halijafanya kazi yake yote muda wote huo ndo maana limepungua. Tafuta fizio aliye karibu akufungue hicho kifundo kabla hujaanza kunyanyua kwa vidole.

#60 Msafiri wa Kimara
Sawa mkuu, kupungua nimeelewa. Lakini kama linafanya kazi ndogo na halijavutwa, huo ugumu wakati amelala unatoka wapi?

#61 Mbishi Daima
Makovu ya ndani.

#62 Kalamu Nyekundu
Au safu ya mafuta nyembamba upande huo. Dereva Guta, shika ngozi ya shavu kwa vidole viwili kila mguu, uvute, tuambie upi mnene.